Feni ya Rejeta na Mlima Sekenke

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Katika mikutano ya namna hii mtu hutazamiwa aeleze habari za zamani: uji wa asubuhi, kengele ya alfajiri, na mwalimu fulani na chaki yake iliyoruka. Hayo tutayazungumza vizuri zaidi wakati wa chakula. Mimi nimeombwa niseme juu ya jambo moja lililo mbele yetu.

Sote tunajua kwamba Umoja wetu umekubali kuchanga fedha ili Land Rover ya shule, ambayo imekaa juu ya mawe kwa muda mrefu, itiwe injini ya dizeli ya Toyota na irudi barabarani. Ni uamuzi mzuri. Gari hilo ndilo linalotazamiwa kupeleka wanafunzi wagonjwa hospitali, kuleta mahindi na maharage, na kuchukua mitihani. Mafundi waliolitazama wamesema kwamba injini hiyo ikikaa mahali pake, feni yake ya mkanda haitaelekeana na rejeta. Kwa hiyo itabidi itolewe, na badala yake ifungwe feni ya umeme. Swali ambalo halijaulizwa katika vikao vyetu ni hili: nani atakayeiamuru feni hiyo iwake, na lini?

Wengine wataona kuwa hili ni jambo dogo la kuwaachia mafundi. Naomba mnivumilie, maana fedha zetu zote zinaweza kuungua kwa sababu ya jambo hili dogo.

Tuanze na kazi ya feni yenyewe. Kwa makadirio yanayofundishwa vyuoni, nishati iliyomo katika mafuta hugawanyika karibu mafungu matatu. Fungu moja huzungusha magurudumu, fungu la pili hutoka na moshi, na fungu la tatu huingia katika maji ya injini. Basi injini inayotoa kilowati 40 za kazi inaweza kuyapa maji joto linalokaribia kiasi hicho hicho. Ni kama pasi 40 za umeme, kila moja ya wati 1,000, zimewashwa ndani ya maji yale. Joto hilo lote lazima litolewe na hewa inayopita kwenye rejeta. Gari likienda mwendo wa kilomita 70 au 80 kwa saa, upepo wa mwendo unatosha na feni haina kazi. Feni inahitajika pale gari linapokwenda polepole na injini inafanya kazi ngumu.

Sisi watu wa Singida tunaujua mahali hapo kwa jina. Mtu akitoka Nzega na Igunga, akapita mbuga ya Wembere, akafika Shelui, mbele yake anauona ukingo wa nchi ya juu ya Iramba. Huo ndio mlima Sekenke. Anaupanda kwa gia ndogo, nyuma ya lori lililojaa mzigo, kona baada ya kona. Injini inalia, upepo wa mwendo haupo. Hali ni hiyo hiyo kwa anayetoka Kintinku akipanda Saranda kwenda Manyoni. Katika sehemu kama hizo feni ndiyo inayoiokoa injini.

Tena tukumbuke kwamba nchi yetu iko juu. Mji wa Singida uko kiasi cha meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Wadogo zetu wa fizikia watuambie: maji katika sufuria iliyo wazi huchemka hapa kwa nyuzi ngapi? Si nyuzi 100, bali karibu 95. Kinachoyazuia maji ya rejeta yasichemke mapema ni kifuniko chenye springi, ambacho huongeza shinikizo mpaka maji yaweze kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Kifuniko kikilegea, au maji yakivuja, kinga hiyo hupotea. Hivyo fundi anayetengeneza gari la Singida hana nafasi ya kubahatisha kama aliyonayo fundi wa pwani.

Sasa turudi kwenye swali letu. Feni ya mkanda haikuwa na shida ya kuamriwa. Injini ikizunguka, nayo inazunguka. Ubaya wake ni kwamba inakula nguvu hata asubuhi ya baridi, ingawa magari mengi yametiwa klachi ya mafuta mazito inayoiachia feni maji yakiwa baridi. Ukiitoa hiyo na kufunga feni ya umeme, umeondoa utii ule wa asili, na lazima uweke utii mwingine. Katika gereji zetu nimeona njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuiunga feni moja kwa moja na swichi ya ufunguo, ili gari likiwashwa nayo iwake. Njia hii haiunguzi injini upesi, lakini ina hasara zake. Feni ya ampea 20 katika gari la volti 12 hutumia wati 240. Hizo ni zaidi ya taa kubwa mbili za wati 55 zikiwashwa pamoja. Hutumika mchana na usiku, mlimani na bondeni, hata pale upepo unapotosha. Burashi za mota zinakwisha mapema na alteneta inachoshwa bure. Tena ufunguo wa gari haukutengenezwa kubeba mzigo huo, nao huungua.

Njia ya pili ndiyo inayopendwa kuliko zote, kwa sababu ni rahisi. Fundi anaweka swichi ya kubonyeza kwenye dashibodi na kumwambia dereva: ukiona mshale wa joto unapanda, washa. Hii ndiyo ninayoiogopa.

Katika kazi yangu ya kukagua matengenezo ya magari ya serikali, niliwahi kuletewa jalada la gari moja lililobadilishwa injini kwa namna hiyo. Sitaitaja ofisi wala gereji. Dereva wa siku zote aliijua swichi ile na aliiwasha kila alipofika chini ya mlima. Akaenda likizo. Dereva wa zamu akapewa ufunguo na karatasi ya safari, wala hakuna aliyemweleza habari ya swichi. Alikuwa na masanduku ya chanjo nyuma. Alipanda Sekenke mchana, na kabla ya kufika juu gari likachemsha. Silinda hedi ilipinda na gasketi ikaungua. Chanjo zilihamishiwa kwenye gari lingine baada ya saa nyingi, na zahanati iliyokuwa ikizingoja iliwarudisha akina mama na watoto wao nyumbani siku ile.

Jaladani iliandikwa kwamba chanzo ni uzembe wa dereva, na ikapendekezwa akatwe mshahara. Mimi niliandika maoni tofauti. Nilisema kwamba mshale wa joto katika gari lile ulikuwa umeunganishwa na kihisio cha injini ya zamani, na haukusema kweli. Na kwamba gari ambalo usalama wake unategemea siri anayoijua mtu mmoja halijakamilika kutengenezwa. Pendekezo la kumkata mshahara liliondolewa, lakini injini haikupona.

Njia ya tatu ndiyo sahihi: feni iongozwe na joto la maji yenyewe. Kazi hii inahitaji vitu vinne, na vyote vinauzwa katika maduka ya vipuri hapa mjini.

Kitu cha kwanza ni swichi ya joto. Hii hufungwa ili ncha yake iguse maji, na ndani yake mna kipande cha metali kinachojikunja kwa joto na kuunganisha umeme. Kwenye mwili wake zimeandikwa namba mbili. Kwa mfano, ikiandikwa 92 na 87, huwasha feni kwa nyuzi 92 na kuizima maji yakishuka mpaka 87. Nafasi hiyo kati ya kuwasha na kuzima imewekwa makusudi. Kama isingekuwapo, feni ingewaka na kuzima kila dakika, na isingedumu.

Uchaguzi wa namba hizo hautakiwi kuwa wa kubahatisha. Kila injini ina thamostati yake inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta, kwa mfano nyuzi 82 au 88. Ukiweka swichi inayowasha chini ya joto la thamostati, na umeifunga upande wa maji ya moto, feni haitazima kamwe, kwa maana injini yenyewe inataka kukaa kwenye joto hilo. Ukiweka ya juu mno, itawaka wakati maji yamekaribia kuchemka. Na mahali pake nako kuna maana. Swichi iliyofungwa chini ya rejeta inapima maji yaliyokwisha poa, kwa hiyo namba yake iwe ndogo kuliko ya ile iliyofungwa karibu na silinda hedi. Fundi akikuuzia swichi bila kukuuliza injini gani na itafungwa wapi, mwulize yeye.

Kitu cha pili ni rilei. Swichi ya joto ni ndogo na haipendi mzigo mkubwa. Mota ya feni inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara mbili au tatu ya kawaida yake, hata zaidi. Rilei hutenganisha amri na kazi. Swichi ya joto hupitisha umeme mdogo, chini ya nusu ampea, unaoamsha sumaku ndani ya rilei, na sumaku hiyo ndiyo inayofunga njia kubwa ya umeme kutoka kwenye betri hadi kwenye feni. Ncha zake zina namba zinazofanana karibu katika kila gari: 30 kutoka kwenye betri, 87 kwenda kwenye feni, 85 na 86 ni za sumaku. Kifaa hiki bei yake haifiki ya kuku mmoja wa kienyeji wa hapa kwetu, lakini kinaweza kuokoa injini nzima.

Kitu cha tatu ni fyuzi, nayo ikae karibu kabisa na betri. Kwa feni ya ampea 20, fyuzi ya ampea 30 inafaa. Fyuzi iliyowekwa mbali, karibu na feni, haiulindi waya unaopita katikati, na waya huo ukichubuka na kugusa bodi utawasha moto gari.

Kitu cha nne ni waya wenyewe, na hapa wadogo zetu wachukue kalamu. Chukueni waya wa shaba wa milimita moja ya mraba, meta 4 kwenda na kurudi. Ukinzani wake ni karibu omu 0.07. Zidisheni kwa ampea 20, mtapata volti 1.4 zinazopotea njiani. Feni iliyotazamia volti 12 inapata 10.6, inazunguka polepole, na karibu wati 28 zinaupasha waya joto. Wekeni waya wa milimita 4 za mraba: upotevu unashuka mpaka karibu theluthi moja ya volti. Ni sheria ya Ohm ile ile mnayoifanyia mazoezi kidato cha tatu. Tena waya wa kurudi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi na kutu, maana ethi mbovu inapoteza umeme sawasawa na waya mwembamba.

Swichi ya mkono siikatai kabisa. Iwepo, lakini iwe msaidizi wa swichi ya joto: iungwe sambamba nayo, ili dereva aweze kuiwasha feni mapema akitaka, lakini asiweze kuizuia isiwake. Pia iwekwe taa ndogo ya kumwonyesha kwamba umeme umefika kwenye feni. Na kihisio cha mshale wa joto kilingane na geji iliyomo kwenye dashibodi.

Ziko tahadhari nyingine chache. Feni ya umeme ya wati 240 ni kama theluthi moja tu ya nguvu farasi moja, na feni kubwa ya mkanda huweza kutumia nguvu farasi kadhaa. Basi feni iliyotolewa kwenye gari dogo la saluni haitaweza dizeli yenye mzigo mlimani. Ichaguliwe kubwa, au mbili, na izungushiwe kava linaloifanya ivute hewa kupitia rejeta nzima, si duara la katikati peke yake. Ikifungwa nyuma ya rejeta, ivute hewa kuelekea kwenye injini. Nyaya zikibadilishana itasukuma hewa kinyume na mwendo, na gari litachemsha hata tambarare. Injini nyingine za dizeli zilikuja na mfumo wa volti 24. Huko feni ya volti 12 isiungwe, wala isichukue umeme kwenye betri moja kati ya mbili, kwa sababu betri hizo zitatofautiana na kufa mapema. Na kama injini imekuja na kompyuta yake, afadhali kompyuta hiyo iamuru rilei, kwa kuwa tayari inapima joto; nyingi zimepangwa ziiwashe feni moja kwa moja zikikosa habari ya kihisio.

Kuna na hatari kwa mikono. Feni inayoongozwa na joto inaweza kuwaka yenyewe hata gari limezimwa, ikiwa imeungwa na betri. Mtu asiingize mkono humo kabla hajatoa waya wa betri.

Msidhani kwamba elimu hii ni ya magari makuukuu peke yake. Mwaka 2018, kampuni ya utalii ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilianza kutumia magari ya umeme katika safari za mbugani hapa Tanzania. Nairobi, kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa mwaka 2017 na ambayo sasa inaitwa Roam, ilibadili magari ya mafuta yawe ya umeme. Katika gari lililobadilishwa hivyo, rejeta na feni mara nyingi bado zipo, maana mota na vifaa vyake vya kielektroniki navyo hupata joto. Lakini vifaa hivyo hutaka maji yasiyopita sana nyuzi 60 hivi. Fundi akiiacha mle swichi ya nyuzi 92 ya injini ya zamani, feni haitawaka hata siku moja, na vifaa vya gharama kubwa vitaungua kimya kimya, bila mvuke wala sauti. Ndiyo sababu nasema: anayebadili injini lazima abadili na amri ya feni. Magari ya aina hiyo yataongezeka, na ninyi mnaosoma hapa ndio mtakaoyatengeneza.

Ndugu Mwenyekiti, kwa hayo naomba Umoja wetu ukubali mambo matatu kabla ya kulipa fedha ya mwisho. La kwanza, mkataba na gereji uandike wazi: swichi ya joto yenye namba zinazoifaa injini hiyo, rilei, fyuzi karibu na betri, waya usiopungua milimita 4 za mraba, na geji inayosema kweli. La pili, gari lisipokelewe kwa kuzungushwa uwanjani. Lishushwe mpaka Shelui, likiwa na mzigo wa magunia, kisha lipandishwe Sekenke mchana wa jua kali, dereva asiguse swichi yo yote ya feni. Likifika juu bila kuchemsha, tulipe. La tatu, mchoro wa nyaya ubandikwe ndani ya kifuniko cha injini, kwa Kiswahili, ili dereva atakayekuja baada ya huyu wa sasa asihitaji kusimuliwa.

Kwa upande wa shule, naomba wanafunzi wa fizikia wapewe jukumu la kulikagua gari hilo kila muhula pamoja na dereva. Kipimo ni rahisi. Betri ikiwa imeungwa na ufunguo umewashwa, chomoeni nyaya mbili za swichi ya joto na kuzigusanisha; feni lazima ianze kuzunguka. Isipozunguka, tafuteni kwenye fyuzi, rilei na ethi, kwa utaratibu huo. Muoshe pia mapezi ya rejeta kwa maji ya polepole kutoka upande wa injini, maana katika barabara zetu za vumbi, na msimu wa kuvuna alizeti, rejeta hujaa makapi mpaka hewa haipiti, na feni hata ingekuwa kubwa namna gani haitafaa kitu.

Ndugu zangu, tumechanga fedha za jasho. Siku moja usiku mtoto wa mtu atapelekwa hospitali kwa gari hili, na dereva atakuwa anaitazama barabara na kumsikiliza mgonjwa. Asiwe na kazi nyingine ya kukumbuka feni.